Farasi Asiye na Nywele

Msomaji wa tenzi za vita za pwani hakosi kukutana na farasi. Wamo katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani na unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728. Wamo katika Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli wa Mgeni bin Faqihi. Wamo pia kwa Hemedi Abdallah al-Buhriy, pale anaposimulia habari za Abdirrahmani na Sufiyani. Hutandikwa, hupandwa, huvurumisha vumbi, hupigwa wakaanguka. Rangi zao mara nyingine hutajwa. Lakini msomaji huyo akifunga kitabu, kisha akaulizwa farasi aliyemsoma aliyaelekeza wapi masikio yake alipotiwa lijamu, au kama alimpenda mpandaji wake au alimvumilia tu, hana la kujibu. Huyu ni farasi mwenye kwato na sauti, nywele hana.

Nasaba yake si siri. Kila mtoto aliyepita chuoni ameihifadhi Surat al-Adiyat, ambamo kiapo huliwa kwa hao wanaokwenda mbio wakihema, wakitoa cheche kwa kwato, wakishambulia alfajiri na kuliinua vumbi. Pumzi, cheche, alfajiri, vumbi: hizo ndizo mali alizorithi mtungaji wa utenzi, naye akazitumia kwa uaminifu. Hapana wa kumlaumu. Shughuli yake ilikuwa dini na ushujaa, na farasi alikuwa chombo cha kumfikisha shujaa kwa adui. Lawama inawahusu waliokuja baada yake, ambao si wasimuliaji wa vita tena, nao bado wanamtia farasi katika beti zao kwa vumbi lile lile la kuazima. Hata methali yetu maarufu, ya mpanda farasi wawili, habari yake yote ni ya msamba wa mpandaji. Farasi wenyewe wamepita, kila mmoja kwa njia yake, na hakuna aliyewatazama.

Udhuru upo, na ni wa kweli. Al-Masudi, aliyeandika katika karne ya 10, alieleza kwamba watu wa nchi ya Zanji walikwenda vitani juu ya ng'ombe, kwa kuwa farasi hawakuwa nao. Sababu yake ni wadudu wawili wadogo. Ndorobo hueneza malale ya wanyama, na usubi, ambao huuma zaidi usiku, hueneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao unaweza kuua tisa katika kumi ya wanaoambukizwa. Farasi wa bara letu la mashariki hakushindwa na mikuki. Alishindwa na nzi. Hata hivyo visiwani udhuru huu una tundu. Farasi walikuja Unguja kutoka Omani, na Sayyid Said alikuwa nao wa kutosha hata merikebu yake Sultana ilipofika New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi za rais wa Marekani walikuwamo farasi wa Kiarabu. Salme, binti yake, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza jinsi watoto wa kasri walivyofundishwa kupanda. Basi mnyama alikuwapo, anaonekana, ananusika. Lugha ikamchukua kwa masikio: ikatupa matiti, ikatupa shoti, ikampa punda telki yake. Yote hayo ni majina ya mwendo, yaani mambo ambayo mtu aliye barazani huyasikia yakipita njiani. Ya ngozini ni haba.

Mahali ambapo Kiswahili kinasemwa leo huku mkono umelazwa juu ya shingo ya farasi ni mbali na bahari. Iringa uko juu ya mita 1,500, Mbeya umepanda hadi kiasi cha mita 1,700, na mashamba ya chai ya Mufindi yanaukaribia urefu wa mita 2,000. Baridi ya huko haiwapendezi wadudu wale, na kwa hiyo farasi walioletwa na walowezi waliweza kuishi. Mufindi wageni wamekuwa wakipandishwa farasi na kuzungushwa kati ya chai na misitu. Si kwamba nyanda hizo ziliwapokea kwa urahisi. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokivunja kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, kamanda wake Zelewski hakuwa juu ya farasi wa utenzi. Alikuwa juu ya punda, na juu ya punda aliuawa. Mwaka 1916 majeshi ya Afrika Kusini yaliingia katika koloni hilo yakiwa na askari wengi wa farasi, na wanyama wao wakafa kwa maelfu njiani, kabla askari wengi hawajafika nyanda za juu. Mshairi wa vita akitafuta vumbi, vumbi hilo ni la maziko.

Lakini vita si jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni kazi ya asubuhi ya mtunza farasi, ambaye watu wa zamani wa pwani wangemwita saisi. Humwendea mnyama kwa ubavuni, karibu na bega la kushoto, akisema naye kabla ya kumgusa, maana farasi ana macho ya pembeni na haoni kilicho nyuma ya mkia wake wala kilichosogezwa kati ya macho yake. Kwanza husugua kwa kitana cha mpira akizungusha mkono, ili jasho kavu na tope vilegee. Kisha hupitisha burashi kufuata uelekeo wa nywele, kutoka shingoni kwenda nyuma na chini. Huinua miguu mmoja mmoja kuchokoa matope na vijiwe kwatoni. Na kichwa hukiacha hadi mwisho, kwa burashi laini kuliko zote. Masikio yakilala nyuma, mkono hutulia. Taya likilegea, kazi huendelea. Huu ni usomaji, na hurudiwa kila siku juu ya ukurasa ule ule, ambao haufanani siku mbili.

Mtu anayefuata uelekeo wa nywele kwa mkono lazima afike pale ambapo uelekeo unapotea. Katikati ya paji la farasi, aghalabu karibu na usawa wa macho, nywele hujizungusha kama zile za utosini mwa mtoto mchanga. Huenda mzunguko ukawa juu ya macho au chini yake, mmoja au miwili, mviringo au mrefu kama manyoya ya ndege. Watu wa farasi, tangu Uarabuni hadi Ulaya, wamedai kwamba hapo tabia imeandikwa: aliye na mzunguko wa juu ni mwepesi wa kushtuka, aliye na miwili ni mgumu.

Waarabu waliifanya elimu. Abu Ubayda, mwanalugha wa Basra aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, aliihesabu mizunguko ya farasi kuwa kumi na minane, kila mmoja na jina lake na hukumu yake. Ule mmoja wa paji haukuchukiwa; ikiwa miwili, farasi alipewa jina la mpiga pembe na watu wakajihadhari naye. Anayetafsiri matini hizo kwa Kiswahili hujaribiwa kuandika "duara", maana ni neno la ukoo mmoja na lile la Kiarabu. Afadhali aache. Duara ni la mchora hesabu. Nywele hazichori, huzunguka, na "mzunguko" humwachia msomaji ule mwendo.

Kati ya mizunguko hiyo mmoja una kisa ambacho mpenzi yeyote wa malumbano ya mashairi angepaswa kukijua. Mzunguko wa ubavuni uitwao haqa ulikuwa ukipendwa. Ilisemwa hata kwamba farasi mwenye alama hiyo ndiye mstahimilivu kuliko wote. Kisha mtu mmoja akataka kumnunua farasi wa namna hiyo, na mwenyewe akakataa kuuza. Aliyekataliwa akatunga ubeti. Maana yake haisemeki mbele za watu. Inatosha kusema kwamba jasho la farasi huyo lilihusishwa na heshima ya mke wa anayempanda. Ubeti ukaenea, na tangu hapo, wasema wapokezi wa habari hiyo, alama ikachukiwa. Mwingine alijibu kwa kutetea: huenda akampanda farasi huyo aliye bora kuliko wewe, na mkewe akawa mwema. Jibu ni zuri, lina adabu, na halikufaa kitu.

Hapo ndipo mizani ya habari hii yote. Farasi hakubadilika. Mbio zake, pumzi yake, ustahimilivu wake vilibaki vilivyokuwa. Kilichobadilika ni bei yake sokoni na namna alivyotazamwa, na aliyefanya hivyo ni mshairi mwenye uchungu wa kunyimwa. Watu wa pwani, ambao wameona jina la mtu likichafuliwa kwa beti tatu na kubaki hivyo mpaka kwa wajukuu, hawahitaji kufafanuliwa.

Sayansi ya siku za karibuni haikuitupa elimu hii moja kwa moja. Mwaka 1995 Temple Grandin na wenzake nchini Marekani walichunguza ng'ombe 1,500 hivi na kuona kwamba wale wenye mzunguko juu ya macho walihangaika zaidi walipobanwa. Huko Poland, mwaka 2007, farasi wa aina ya Konik wenye mzunguko wa juu walionekana wagumu kushikika, na wale wa mzunguko mrefu au wa miwili walichelewa zaidi kukikaribia kitu kigeni. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ngozi na ubongo hutokana na tabaka moja la mimba. Abu Ubayda, basi, hakuwa akipiga ramli tupu. Lakini tazameni pia kilichopimwa: kuchelewa. Farasi anayesimama kidogo mbele ya kitu asichokijua huitwa mwoga na mwenye haraka. Mwenye subira angemwita mwangalifu. Mzunguko unaweza kuwa kweli na hukumu yake ikawa uzushi.

Kwa mshairi wa leo mzunguko wa paji ni chambo. Ni rahisi kuugeuza hirizi, kuutia katika ubeti kama ajali iliyoandikwa juu ya paji la uso, na msomaji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shairi la namna hiyo litakuwa limetoka kwenye vumbi la kuazima na kuingia kwenye uganga wa kuazima, na farasi bado hajatazamwa. Yapo mapokeo yenye upole zaidi ambayo washairi wetu wameyapita mbio: hadithi ya Mtume inayosema kwamba kheri imefungwa katika shungi la paji la farasi hadi Siku ya Kiyama. Shungi hilo limelala juu ya mahali pale pale pa mzunguko. Kuliinua kwa vidole viwili ni kuziona kheri na shaka zikikaa pamoja, katika eneo lisilozidi kiganja.

Mtunza farasi huliinua kila asubuhi, kwa kuwa tope hujificha chini yake. Mzunguko aliusoma siku ya kwanza; siku zilizofuata amekuwa akisoma masikio. Hupitisha burashi laini mara moja kuuzunguka, kwa upande zinakoelekea nywele, na mnyama, ambaye hauoni mkono ulio mbele ya paji lake, huinamisha kichwa.