Ustadi wa Kuacha Nafasi

Mteja anayetaka kujengewa kituo cha data huja na sentensi moja: tunataka mfumo usiozimika. Ni sentensi ya kweli na hutoka moyoni, lakini haijengeki. Fundi wa majengo akiambiwa mtu anataka nyumba imara atauliza kama ardhi ni ya kichanga au ya mfinyanzi, ghorofa ni ngapi, watakaa watu wangapi. Msanifu wa kituo cha data naye hana budi kuuliza, na maswali yake ni nusu ya kazi. Kutozimika maana yake nini? Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99.9 ya mwaka umeruhusiwa kulala kwa takriban saa 8 na dakika 45. Ukidai asilimia 99.99 umebakiwa na dakika 52 kwa mwaka mzima. Ukidai 99.999 umebakiwa na dakika 5 na ushei, muda usiomtosha hata fundi wa zamu kuamshwa, kuvaa viatu na kufika mlangoni mwa chumba cha seva. Kwenye karatasi imeongezeka tarakimu moja tu. Ndani ya jengo, tarakimu hiyo ni seva nyingine, njia nyingine ya umeme, swichi nyingine na watu wengine wa kukesha. Kisha lipo swali la pili, ambalo wateja wengi hawajawahi kuulizwa: mfumo ukirudi, unakubali kupoteza kazi ya muda gani? Kuna anayeweza kusubiri saa nzima lakini hawezi kupoteza hata muamala mmoja. Kuna asiyeweza kusubiri dakika kumi, ila data ya jana inamtosha kabisa. Hawa ni wateja wawili tofauti, na haiwezekani wakajengewa kitu kimoja.

Nashikilia kwamba ufundi huu, ambao kwa macho ya wengi ni kazi ya kuchagua vifaa, kwa hakika ni ufundi wa kugeuza maneno ya mtu kuwa tarakimu, kisha kugeuza tarakimu kuwa nafasi inayoachwa wazi kwa makusudi. Kifaa chochote kilichomo kwenye raki, na pengo lolote lililoachwa humo, sharti viweze kujibu vimewekwa kwa neno la nani. Pasipo jibu, msanifu hakusanifu, amenunua tu.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito kama wa leo, kwa kuwa kila kazi ilikuwa na seva yake: ya mishahara, ya barua pepe, ya stoo. Nyingi zilishinda zikizungusha feni bila shughuli ya maana, kama basi linalotoka kituoni na abiria wawili. Wazo la kuifanya mashine moja ijigawe na kuonekana nyingi lilianza miaka ya 1960 katika maabara ya IBM iliyokuwa Cambridge, Massachusetts, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikalitangaza sokoni kwa jina la VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili igawike namna hiyo kwa usalama. Prosesa za kompyuta za kawaida hazikuyatimiza, na kwa muda mrefu ilidhaniwa haiwezekani, mpaka VMware, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1998, ilipolizunguka tatizo hilo kwa programu. Kufikia 2003 mashine pepe, yaani moja ya hizo nyingi zinazoonekana ndani ya mashine moja, iliweza kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine huku inafanya kazi, na mtumiaji asihisi kitu. Mwaka 2007 uwezo wa kuigawa mashine, kwa jina la KVM, ukaingizwa ndani ya Linux ambayo yeyote anaweza kuichukua bila malipo. Tangu hapo seva si sanduku tena. Ni faili linalobebeka.

Faida ilikuwa kubwa, lakini ilikuja na deni. Sanduku likifa zamani, ilikufa kazi moja. Leo sanduku moja likifa huondoka na kazi thelathini kwa mpigo, mfano wa jahazi lililobeba shehena ya kijiji kizima. Ndiyo maana nafasi iliyo wazi imekuwa sehemu ya thamani kuliko zote katika mchoro wa msanifu, na ndiyo maana yafaa tuitazame kwa karibu.

Chukua hospitali ya rufaa inayowekewa seva 6, kila moja ina kumbukumbu ya gigabaiti 512. Muuzaji atazidisha na kutangaza gigabaiti 3,072. Msanifu ataanza kwa kutoa. Anaondoa seva moja nzima, kwa sababu ipo siku moja yao itakufa na kazi zake lazima zipate pa kukaa: zimebaki 2,560. Hapo wengi huishia. Lakini seva haikai miaka mitano bila kuzimwa kwa matengenezo. Kila baada ya muda programu inayozigawa, yaani haipavaiza, inahitaji kurekebishwa, na mzigo wa seva inayorekebishwa huhamishiwa kwingine. Je, katika saa hizo, seva ya pili ikifa? Swali hilo halina jibu kwenye kitabu cha mtengenezaji. Jibu analo mteja. Ofisi inayofunga saa kumi jioni itasema tutahatarisha, rekebisheni usiku. Hospitali ina wodi ya wazazi, na watoto hawachagui saa ya kuzaliwa. Basi inaondolewa seva ya pili, zinabaki gigabaiti 2,048, na theluthi kamili ya kumbukumbu iliyolipiwa inakaa wazi. Siku mhasibu atakapouliza pesa hizi zimelala kwa nini, pawepo karatasi inayomjibu kwamba zimelala kwa sababu wodi ya wazazi hailali.

Mantiki hiyohiyo iko nyuma ya seva, mahali ambapo wageni wanaotembezwa hawaangalii. Kila seva ina soketi mbili za umeme, na nyaya zake huenda kwenye njia mbili tofauti, kila njia na UPS yake. Mgeni ataona nyaya mbili na kuridhika. Msanifu atauliza kila njia imebeba kiasi gani, kwa sababu zikiwa zote mbili zimebeba asilimia 70, siku moja ikikatika nyingine itatwishwa asilimia 140 na itaanguka papo hapo. Kila njia inapaswa kubaki chini ya nusu. Usipoiacha nusu ile ya pili wazi, hizo nyaya mbili ni pambo.

Kuna undani mwingine ninaoupenda zaidi kwa udogo wake. Tuseme kanzidata ya wagonjwa imewekwa kwenye mashine pepe mbili, moja ikifanya kazi na mwenzake akisubiri kuipokea. Mteja ametaka hivyo, amelipia, na kwenye mchoro ziko mbili. Lakini mfumo unaosawazisha mzigo huhamisha mashine pepe kutoka seva hadi seva kwa kuangalia wapi pana nafuu, wala haujui kwamba hizi mbili ni mtu na msaidizi wake. Usiku mmoja utazikuta zote zimelala kwenye seva moja, na seva hiyo ikifa, zimekufa pamoja. Dawa yake ni kanuni moja fupi inayosema mbili hizi zisikae pamoja. Haina gharama yoyote, ila anayeweza kuiandika ni yule tu aliyesikiliza mpaka akaelewa kwa nini ziko mbili.

Lakini kusikiliza si kutii. Mtengenezaji wa programu akiandika kwamba mfumo wake unahitaji viini 16 vya prosesa, mteja hudai 16, na msanifu mwoga humpa. Mara nyingi hapo amemdhulumu. Katika seva yenye prosesa mbili kubwa, kila moja ina kumbukumbu yake iliyo jirani. Mashine pepe ikipanuka kupita prosesa moja, italazimika kufuata data upande wa pili, na huko ni mbali. Tena, katika seva inayogombaniwa na wengi, mwenye kudai vingi hungoja zaidi kabla ya kupewa zamu. Yule aliyepewa 4 anaweza kumaliza mapema kuliko aliyepewa 16. Matakwa ya mteja ni mfumo wa haraka. Namba 16 ni fikira yake tu kuhusu njia ya kufika huko, na msanifu anawajibika kwa matakwa.

Pengine hata matakwa yenyewe hugonga ukuta ambao hakuna pesa ya kuubomoa. Benki ikitaka data iwepo Mombasa na Nairobi kwa wakati mmoja, isipotee hata chembe, maana yake kila mwandiko ungoje mpaka mji wa pili ukiri kuupokea. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mkongo wa kilomita 500, kwenda na kurudi, ni milisekunde 5, kabla vifaa havijaongeza zao. Kazi inayoandika jambo moja baada ya jingine, kila moja likingoja lililotangulia, haiwezi kuvuka miandiko 200 kwa sekunde hata ukiinunulia seva za dhahabu. Hapo mteja aambiwe waziwazi achague: kasi, au umbali, au kutopoteza kitu. Wapo wanaomficha mteja uchaguzi huu ili wasimkere. Mimi nauona huo kuwa ukosefu wa adabu ya kazi, kwa sababu uchaguzi utafanyika tu, ila utafanywa na ajali.

Ajali kama hiyo ilionekana Strasbourg, Ufaransa, usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto ulipoteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud na kuharibu sehemu ya jengo la jirani. Hakuna aliyekufa. Lakini wapo wateja waliopoteza kila kitu, na miongoni mwao walikuwepo waliokuwa na nakala za akiba: zilikuwa kwenye eneo lilelile lililoungua. Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Rust walitangaza kwamba seva 25 za Ulaya zimepotea na data yake haitarudi. Kilichokosekana kwa wengi ni swali moja kabla ya kutia saini: nakala yangu italala wapi, na kati yake na kazi yangu pana umbali gani?

Nitaambiwa kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi mtu hukodi nafasi kwenye mawingu ya kampuni kubwa za ng'ambo na kuachana na raki na nyaya. Sina ugomvi na kukodi. Mara nyingi ni uamuzi bora. Lakini anayekodi hajaepuka swali, amelihamisha. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na kwingineko. Seva za ng'ambo zilikuwa hai, zinawaka taa. Njia ya kuzifikia ndiyo iliyozibwa. Sheria nayo inauliza data imekwenda wapi: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Haya yote ni masharti ya mteja, hata kama mteja mwenyewe hakuyataja.

Wengine husema vifaa vimekuwa rahisi, hivyo nunua maradufu uache kuhesabu. Wanasahau kwamba leseni nyingi hutozwa kwa idadi ya viini vya prosesa, na kwamba kila wati inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa joto ambalo, katika miji ya pwani, lazima lilipiwe mara ya pili ili liondolewe.

Hoja nzito kuliko hizo ni kwamba mteja hajui anachotaka, hivyo kumsikiliza ni kupoteza muda, heri kunakili mchoro uliokwisha kujaribiwa na mtengenezaji. Ni kweli kwamba mteja hajui mashine. Kazi yake anaijua kuliko sisi sote. Muuguzi hawezi kukutajia asilimia, lakini ataeleza bila kusita kwamba mfumo ukizimika wanaandika kwenye daftari, na kwamba baada ya nusu saa daftari huanza kuchanganya wagonjwa. Hiyo nusu saa ndiyo tarakimu uliyokuwa unaitafuta, na haimo katika mchoro wowote wa kunakili. Tena mchoro wa kunakili huzeeka siku chapa inapobadilika. Broadcom iliinunua VMware mnamo Novemba 2023, na kabla mwaka haujaisha uuzaji wa leseni za kudumu ukakomeshwa, zikaja za kulipia kila kipindi. Aliyekuwa na orodha ya bidhaa tu alibaki na bei mpya mkononi na hana la kufanya. Aliyekuwa na karatasi ya sababu, inayosema hili limewekwa kwa ajili ya nusu saa ya muuguzi na lile kwa ajili ya wodi ya wazazi, aliweza kukaa chini na kuuliza ni kitu gani kingine kinachotimiza sababu zilezile.

Kwa hiyo, wewe unayeletewa mchoro wa kuidhinisha, usianze na ukurasa wa bei. Weka kidole kwenye kifaa chochote, kisha uliza kipo kwa neno la nani; weka kidole kwenye nafasi iliyo wazi, uliza vivyo hivyo. Na kwenye mkataba andika sharti hili: siku ya makabidhiano, kabla mgonjwa wa kwanza hajasajiliwa, seva moja utakayoichagua mwenyewe ichomolewe umeme mbele yako, na saa ianze kuhesabiwa.