Tarehe ya Msiba Si Tarehe ya Kifo

Baba yake bibi yangu alichukuliwa kutoka Kwale na Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika vita vya kwanza vya dunia, akaenda asirudi. Hana kaburi tunalolijua, wala cheti cha kifo. Hata hivyo leo tunajua alifariki katika kipindi gani. Nataka kueleza tulivyofika hapo, maana familia nyingi zinaweza kupita njia hiyohiyo.

Tuanze na cheti. Nchini Kenya vifo vya Wazungu vilianza kusajiliwa mwaka 1904, lakini usajili wa lazima ulikuja kuenea nchi nzima mwaka 1971. Kwa hiyo kukosa jina la mpagazi wa vita vya kwanza katika ofisi ya usajili si ushahidi wa lolote. Hakuna aliyeagizwa kumwandika.

Pa pili ni jeshi. Kikosi cha wapagazi kiliundwa mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins, na mwaka 1917 John Ainsworth akasimamia msako mkubwa wa watu kuanzia mwezi Machi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na kuhara damu na posho ya mahindi isiyoiva viliua wengi kuliko risasi. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zikajengewa sanamu za askari, bila majina ya waliokufa. Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tulitafuta katika orodha ya mtandaoni ya tume hiyo kwa kila tahajia tuliyoweza kuifikiria, maana karani aliandika alivyosikia: Hamisi akawa Khamis, Athumani akawa Othman. Jina halikuonekana.

Ikabaki kanda ya kaseti. Humo bibi, kabla hajafariki, anasema mambo manne. Baba yake aliondoka mwaka walipokusanywa wanaume wa kijiji kizima. Habari ya kifo ilikuja Mfunguo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, kabla ya mafua makubwa. Siku hiyo mdogo wake, aliyezaliwa baba keshaondoka, alikuwa akisimama dede. Na mama yao hakukaa eda, kwani mwalimu wa msikitini alisema imekwishapita.

Yachukue maneno hayo moja moja. Kuondoka ni mwaka 1917, kuanzia Machi. Mfunguo Mosi ya kwanza baada ya hapo, ya mwaka 1335 Hijria, iliandama mnamo tarehe 21 Julai 1917. Mtoto aliyezaliwa baada ya Machi hawezi kusimama dede Julai ya mwaka huohuo, kwa hiyo hiyo imetoka. Inayofuata, ya 1336, ilianza mnamo tarehe 10 Julai 1918, na mtoto anafaa. Ya 1337 iliangukia katikati ya 1919, na mafua yalishaingia kupitia bandari ya Mombasa tangu Septemba 1918. Kwa hiyo habari ilifika Julai 1918 au siku za mwanzo za Agosti.

Wengi wangeandika hapo kwamba alifariki Julai 1918, na wangekosea. Hiyo ni tarehe ya msiba kufika nyumbani. Eda ya mjane asiye mjamzito ni miezi minne na siku kumi, na huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, hata kama mke hakujua. Mwalimu aliposema imepita, maana yake mleta habari alitaja siku au mwezi wa kifo. Rudisha nyuma miezi minne na siku kumi kutoka mwisho wa mwezi ule, unafika mwanzoni mwa Aprili 1918. Hakufa baada ya hapo. Na jamaa waliozoea kusema kwamba mafua ndiyo yaliyomuua, hesabu inawakatalia.

Funzo langu ni hili: kifo huacha alama kwa mtu aliyekuwa na sababu ya kukihesabu. Kadhi alihesabu kwa ajili ya mirathi, padri kwa ajili ya maziko, ofisa wa wilaya kwa ajili ya kodi ya kibanda, mwalimu wa msikitini kwa ajili ya eda. Mtafute huyo kwanza, ndipo utafute karatasi yake: majalada ya mirathi katika mahakama za kadhi, daftari za maziko za parokia, na mafaili ya wilaya katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi.

Katika kitabu cha ukoo tumeandika: alifariki kati ya Machi 1917 na mwanzo wa Aprili 1918. Chini yake tumenakili maneno ya bibi neno kwa neno, ili atakayekuja na ushahidi bora aweze kutusahihisha. Kama nyumbani kwenu yuko mzee anayekumbuka, mwulize wiki hii, na usimwulize mwaka. Mwulize nani alikaa eda, mtoto gani alikuwa akitambaa, na ulikuwa mfunguo gani.