Nafasi Iliyoachwa: Kulisoma Kasha la Polikaboneti

Kasha la kibodi la polikaboneti hujitangaza kama umbo lisilo na la kuficha. Nuru hulipenya, vivuli vya swichi huelea ndani yake kama mawe chini ya maji ya kina kifupi, na mkono ulioligusa huamini kwamba umekwisha kulijua. Hili lililo mezani pangu limechongwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta kutoka katika bamba nene. Lina vipande viwili, cha juu na cha chini, uso uliopigwa mchanga hadi ukaingia ukungu, na uzito wa brasi uliofungwa chini ya tumbo lake. Wapenzi wa kibodi za kimekanika wanapouliza iwapo kasha la namna hii litafikisha miaka 20, huuliza kana kwamba jibu limo katika malighafi. Napendekeza tulitafute katika fani: namna kona zilivyoviringwa, matundu yalivyotobolewa, na vipande vilivyoachiwa pumzi.

Sifa ya polikaboneti ilijengwa juu ya pigo. Mwaka 1953 Hermann Schnell wa Bayer, Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani, waliivumbua kila mmoja kwa njia yake, wakipishana kwa juma moja hivi. Ikaingia sokoni kwa majina ya Makrolon na Lexan, na baadaye wanaanga wa Apollo wakaivaa vichwani kama kofia angavu. Plastiki inayomeza pigo la nyundo bila kupasuka ilistahili heshima hiyo. Lakini kibodi haipigwi nyundo. Maisha yake yote ni kukaa: kukaa juu ya meza, kukaa chini ya viganja, kukaa katika mbano wa skrubu ambazo huenda zisiguswe mwaka mzima. Joto la chumba haliitishi polikaboneti, kwa kuwa hulainika karibu na nyuzi 147 za Selsiasi. Kinachoisumbua ni mkazo mdogo usio na likizo, na kasha la kibodi, kwa umbile lake, ni ghala la mkazo wa aina hiyo.

Tuanze na unene, maana hapo ndipo jicho hudanganyika kwanza. Polikaboneti nyembamba hupinda kabla ya kuvunjika. Ile nene, ikiwa na mkato mkali au kona kavu, hupoteza sehemu kubwa ya uvumilivu huo na huweza kupasuka ghafla kama kigae. Kuta zilizochongwa huwa nene, hivyo wingi wa malighafi si dhamana. Dhamana ni mviringo wa kona za ndani. Katika kasha hili tundu la waya wa USB lina pembe zilizoviringwa kwa utulivu, lakini chini yake, pale ukuta unapokutana na sakafu, kisu bapa cha mashine kimeacha kona kali isiyoonekana na mnunuzi. Kamba hukatikia pabovu, na hapa pabovu ni pale mchongaji alipoona hapatazamwi. Kasha lililosubiwa katika kalibu, kama lile la KBD67 Lite ya KBDfans, husomwa kwa kanuni nyingine: kuta zake ni nyembamba, na mkazo wake huzaliwa plastiki inapopoa, si kisu kinapopita. La kuchonga likitulizwa kwa joto la takriban nyuzi 120 kwa saa kadhaa baada ya kisu, sehemu kubwa ya mkazo wa kuzaliwa nao huisha; lisipotulizwa, hurithi kila pito la kisu.

Kutoka kona tuje kwenye skrubu, ambako hoja hii hukazika kwa maana halisi. Plastiki iliyobanwa kwa muda mrefu hutambaa: bila kuvunjika na bila sauti, husogea taratibu na kuukimbia mbano. Huo mtambao, kama nitakavyouita, ndio unaofanya skrubu iliyokazwa vyema leo iwe legevu baada ya miezi, na mwenye kibodi, kwa nia njema, huikaza tena. Kila mkazo mpya huwekwa juu ya jeraha la zamani, hadi vinyufa vyembamba kama nywele vianze kuizunguka hesi. Mtengenezaji mwangalifu hapitishi hesi katika plastiki yenyewe. Huzamisha bushi ya brasi na kuiachia nyama ya kutosha kando yake, kwani bushi iliyoshindiliwa katika ukuta mwembamba huhamisha kidonda badala ya kukiponya. Kuna pia kosa linalotoka nje ya kasha. Gundi ya kuzuia skrubu isilegee, ambayo fundi wa alumini huitumia bila wasiwasi, hupasua polikaboneti iliyo katika mkazo. Asetoni na visafishio vyenye amonia huihujumu vilevile. Maji ya vuguvugu na sabuni laini yanaitosha.

Uzito wa brasi ndio tamko la kifahari zaidi katika kasha hili, na ndio unaobeba mgongano wake mkubwa. Polikaboneti hutanuka kwa joto zaidi ya mara tatu kuliko brasi. Katika urefu wa milimita 200, badiliko la nyuzi 20 huzitenganisha kwa takriban milimita 0.2: kidogo kwa jicho, kingi kwa skrubu iliyofungwa pande zote bila upenyo. Nilipoufungua uzito huu niligundua kwamba tundu moja ni la mviringo kamili na mengine yamerefushwa kidogo kuelekea ncha. Hayo marefusho ni sentensi bora kuliko zote katika kasha hili, ingawa hakuna atakayezisoma ila mwenye bisibisi. Yanakiri kwamba vitu viwili vilivyofungwa pamoja havitakubaliana daima, na yanaupa utengano wao mahali pa kutokea.

Uso wenye ukungu ni mbinu yenye ncha mbili. Huutawanya mwanga, hufunika mikwaruzo midogo, na huupa umbo zima upole ambao alumini haina. Lakini mafuta ya viganja yakijaza vishimo vyake, ukungu huanza kufifia hasa pale mikono inapotua. Jua nalo lina lake: miale ya urujuanimno huigeuza polikaboneti kuwa ya manjano, kama inavyojulikana kwa yeyote aliyeona taa za gari lililokaa juani hadi koti lake la kinga likachakaa. Ukungu huo pia huficha ushahidi. Kasha angavu likiwekwa mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta na kutazamwa kwa miwani ya polaroidi, mkazo hujichora kwa mikanda ya rangi kuzunguka kila skrubu. Lililopigwa mchanga huitawanya habari hiyo kabla haijafika jichoni. Lile linalolipendezesha ndilo linalotunyima kusoma afya yake, na msomaji hana budi kuifuata kwa vidole: mlio wa kukatika skrubu inapogeuzwa, ukingo usiokutana tena na mwenzake.

Huo ukingo, mshono kati ya kipande cha juu na cha chini, unafanana na mahali ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo wa shairi, unapoukabidhi utao, kipande cha pili, mstari. Vipande viwili vya ushairi havishikamani kwa nguvu ya kubanwa bali kwa pumzi inayovitenga, na kasha hili limejengwa kwa hekima hiyo hiyo: bamba la swichi halikufungwa popote, limelazwa juu ya vipande vya gasketi vinavyobonyea badala yake. Gasketi zitachoka, na zitabadilishwa kwa gharama ndogo. Hiyo ndiyo kazi zilizopewa. Hivyo uimara wa umbo hili umeandikwa katika yale ambayo mchongaji aliyaacha bila kuyajaza: tundu lililorefushwa, kona iliyoviringwa, mpira uliokubali kubonyea mahali pa ukuta. Niliporudisha uzito wa brasi mahali pake nilizungusha kila skrubu hadi iliposhika, nikaacha robo ya mzunguko.