Mashini Iliyo Kadiri ya Chombo

Al-Idrisi, mwanachuoni wa jiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 katika kasri ya mfalme wa Sisilia, aliitaja Malindi kuwa ni mji wa wavuvi na wachimba chuma. Na ijapokuwa wanazuoni wangali wakihojiana kama mji alioukusudia ndio huu tuujuao au ni mwingine wa mwambao, mimi huikumbuka habari ile kila nipitapo ufuko wa Shela, Malindi, nikaona mashini za mashua zimefungwa juu ya magogo, vifuniko vimevuliwa, na mafundi wameziinamia kwa taadhima. Chuma na bahari ni mahasimu wa tangu na tangu, na riziki ya watu wengi wa pwani hii hupatikana katika suluhu ndogo inayofanywa baina yao.

Sanaa ninayokusudia kuisifu ni ile ya kukichagulia chombo mashini yake. Aghalabu hudhaniwa kuwa ni shughuli ya dukani: mwenye fedha nyingi hununua kubwa, mwenye akali hununua ndogo, na kila mmoja huenda zake. Lau ingekuwa hivyo, pasingekuwako wafikao kwa fundi baada ya msimu mmoja, mashua imelegea mbao za tezi na deni la petroli limepita bei ya samaki.

Huja kijana aliyerithi mashua ya baba yake, akasema, "Shikamoo, mzee. Nataka arobaini." Arobaini ni farasi, na kijana ameziona mashua za fiberi za Watamu zikiwakimbilia sulisuli, omo juu, povu nyuma, wageni wamekaa vitini na mishipi mikononi, akatamani na yake iende vile. Fundi huitikia salamu na la pili hulinyamazia. Huizunguka mashua iliyolala mchangani maji yakiwa yamekupwa, hugonga mkuku kwa vifundo vya vidole akisikiliza pale mlio ubadilikapo, hupima tezi kwa shubiri, kisha huuliza barafu hupakiwa kiasi gani, wavuvi huenda wangapi, na huvua ndani ya mwamba au nje. Mwishowe husema, "Mwanangu, chombo chako chataka kumi na tano, na rafadha njema. Hizo ishirini na tano zilizobaki utazilisha bure."

Jawabu hilo lina hisabati ndani yake, hata kama msemaji hakuisoma darasani. Chombo kizito kikatacho maji bila ya kupanda juu yake hujitengenezea wimbi lake mwenyewe, na kadiri kinavyozidi mwendo wimbi lile hurefuka, mpaka chombo chote huwa kimelala baina ya kilele cha omo na kilele cha tezi. Hapo nguvu ikizidishwa, tezi huzama, omo huinuka, na mwendo hauongezeki ila kidogo mno. Mpaka huo hukadiriwa kwa kipeuo cha pili cha urefu wa mkato wa maji kwa futi, kuzidishwa kwa 1.34: mashua ya futi 25 haipiti kwa raha maili za bahari 6.7 kwa saa, na ikiwa uzito wake pamoja na shehena ni tani 3, farasi 10 hadi 15 hutosha kuifikisha hapo. Mashua za fiberi zimeundwa nyepesi, na matumbo yao ni bapa kwa nyuma ili zipande juu ya wimbi lao. Kwa hiyo kijana alikuwa akilinganisha viumbe wa jinsi mbili.

Elimu hii ilithibitishwa kwa vyombo vya kuchezea, jambo linifurahishalo mno. Mwingereza William Froude, miaka ya 1870, huko Torquay, alikuwa na birika refu ambamo alivuta vielelezo vya meli vilivyofinyangwa kwa nta, akaona kwamba kielelezo kilicho sehemu ya 16 ya urefu wa meli hufanya mawimbi yaleyale ya meli kikienda kwa robo ya mwendo wake. Hata leo wako watu Ulaya na Marekani waundao mashua za kuongozwa kwa redio, ndefu kupita mita moja, wakazitia injini ya petroli ya jinsi ya mashine za kukatia nyasi, yenye sentimita 26 za ujazo au karibu yake, na swali linalowakosesha usingizi ni lile lile la kijana wa Shela.

Lakini moyo wa kazi ni rafadha. Rafadha ina upana wake na ina hatua yake, yaani masafa ambayo ingeyakata kwa mzunguko mmoja lau maji yangekuwa ubao nayo ikawa parafujo. Hatua ikiwa kubwa kupita uzito wa chombo, mashini hulemewa, haifiki mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika ambayo nyingi zimeundwa ziifikie, hutoa moshi, hula petroli na kuchakaa kabla ya wakati. Ikiwa ndogo mno, hupiga kelele bila kwenda, na mwenyewe hudhani ana nguvu. Fundi mahiri hutia watu na mawe ya kadiri ya shehena, hutoka, hufungua mafuta yote na kusikiliza. Nimeona rafadha moja ikibadilishwa ikampa mvuvi kile alichotaka kukinunua kwa mashini nzima, nami sijui hirizi ishindayo hiyo.

Baada ya hapo hutazamwa tezi. Mguu wa mashini, wa inchi 15 au wa 20, sharti ulingane na kimo cha tezi, bamba lililo juu ya rafadha likae sawasawa na chini ya chombo au likizidi liwe kama inchi moja. Ukiwa mfupi, siku ya kusi mawimbi huinua tezi na rafadha ikanywa hewa katikati ya mlango wa mwamba, mahali ambapo mtu hataki kuachwa bila mwendo. Malindi ina adui wa pili, Mto Sabaki, ambao matope yake wakati wa kaskazi husukumwa kusini mpaka mbele ya mji, yakala kipepeo cha mpira kinachovuta maji ya kuipoza mashini. Mwenye kazi katika hori ya Kilifi, chini ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991, hana balaa hilo.

Kuhusu ugomvi wa mashini ya kuchanganya, inywayo lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na ile yenye oili yake mbali, nasema kwa ufupi kuwa ya pili ina uchumi wa mafuta na ya kwanza ni nyepesi, tena hufunguliwa juu ya mchanga kwa spana chache. Mvuvi wa mbali na duka la vipuri nisingemlaumu akichagua ya kwanza.

Swali la mwisho la fundi ni la mlingoti: ungalipo? Umande utokao bara alfajiri hukitoa chombo bila ya tone la petroli, na matlai hukirudisha. Mashini hubakiwa na kuvuka mlango wa mwamba, na kuwahi sokoni siku ya shwari. Kwa kazi hizo, farasi kumi na tano ni nyingi, na nimewasikia mafundi wawili wa Takaungu wakibishana kama nane zingetosha, mmoja akiapa kuwa zatosha na kubaki, mwenziwe akimuuliza barafu ameipima au ameikisia.