Mzigo Mzito na Kwaya Zetu

Kuna msemo ambao watu wa Tabora wameukuta tangu utoto: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tunausema kwa fahari, maana babu zetu ndio waliobeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga kati ya Ujiji, Unyanyembe na Bagamoyo, safari ya miezi kwa miguu. Walitembea wakiimba. Mmoja alianzisha, wengine wakaitikia, na mzigo ukasogea. Kwa hiyo mtu akiuliza kwaya zetu zilijifunza wapi kuitikiana, tusikimbilie kusema ni kwa wamisionari peke yao. Kuitikiana kulikuwako njiani kabla London Missionary Society haijafungua kituo chake Urambo mwaka 1879, na kabla Wamoravian hawajakipokea mwaka 1898.

Lakini njia ile ina upande wa pili, nao tusiufiche. Msafara haukumngoja mgonjwa. Mpagazi aliyeshikwa na ndui aliweza kuachwa kando ya njia, na mtumwa aliyeshindwa kutembea aliachwa afe au aliuawa. Wimbo uliendelea mbele. Aliyebaki nyuma aliusikia ukififia.

Tunaandika haya kwa sababu kwaya zetu nazo ziko safarini. Zina sare, zina nyimbo zilizorekodiwa, zina mashindano na mialiko. Hayo si mabaya. Swali letu ni moja: asiyeweza kutembea ana nafasi gani katika wimbo wetu? Hapa mjini wako wazee wanaotunzwa katika makazi ya Ipuli, wako wagonjwa katika hospitali ya Kitete, na wako wengine wengi waliolala vyumbani katika mitaa yetu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Siku moja tulikwenda kuwaimbia wazee. Tulibeba sukari na sabuni, tukabeba pia kinanda na spika mbili kubwa. Tukaimba nyimbo tano, zilezile tulizorekodi, kwa mtindo uleule wa kucheza. Bibi mmoja mstari wa mbele aliziba sikio kwa kitenge chake. Tukaomba, tukapiga picha, tukaanza kukusanya nyaya.

Hapo mzee mmoja aliyekaa kitandani karibu na mlango akaanzisha wimbo wa kitabuni, sauti yake nyembamba na ya chini sana. Vijana wetu hawakuujua. Binti mmoja wa sauti ya pili, aliyelelewa na bibi yake, ndiye aliyeketi na kumwitikia. Mzee alikatika pumzi katikati ya mstari. Binti alinyamaza, akamngoja, wakaendelea. Nje, sisi tulikwisha kupanda gari. Tulipiga honi.

Honi ile imetusumbua sana kuliko wimbo wowote tuliowahi kuukosea. Binti alikuwa ndiye pekee aliyekuwa akifanya kazi iliyotupeleka kule, nasi tulimwona kama anayetuchelewesha.

Tukiupima wimbo wa mzee yule na nyimbo zetu tano kwa masikio ya mwanamuziki, tofauti inaonekana wazi. Nyimbo zetu zilitungwa kwa ajili ya kurekodiwa. Beti ni ndefu, kiitikio kinachelewa, sauti ya kwanza inapanda mahali ambapo kifua cha mtu wa miaka themanini hakifiki. Tena mdundo wa kinanda umepangwa kabla, na mdundo uliopangwa haumngoji mtu. Huo ndio mwendo wa msafara. Wimbo wa mzee ulikwenda kwa pumzi yake, na uliacha mlango kwa mwingine kuingia.

Wako watakaosema kwamba wagonjwa nao wanahitaji shangwe. Ni kweli. Kijana aliyevunjika mguu anaweza kufurahi kusikia ngoma na makofi, wala hatusemi kila kitanda kiimbiwe taratibu kama msibani. Tunasema aulizwe kwanza. Kwaya inayoingia na orodha iliyofungwa imekwisha kuamua nani anayeburudishwa, na mara nyingi ni sisi wenyewe.

Jambo hili linawagusa vijana zaidi. Tunalalamika kwamba wanakuja kwaya kwa ajili ya sare na video, kisha wanapotea wakienda kwenye mashamba ya tumbaku, kwenye bodaboda au Dar es Salaam. Lakini tumewafundisha nini kingine? Tulirudi kwa wazee wale mwezi uliofuata, safari hii bila spika. Mzee akaomba wimbo mwingine, na hata mwalimu wetu wa kwaya hakuujua. Basi akatufundisha yeye. Ilichukua Jumamosi tatu. Vijana waliinama kando ya kitanda kushika sauti ya besi kutoka kwa mtu asiyeweza kuketi bila kushikwa. Tulidhani tumewapeleka vijana wakatoe huduma. Kumbe walikuwa wamepata mlezi. Mmoja wao, ambaye mazoezini hufika amechelewa kila mara, alianza kufika mapema ili amnyoe mzee ndevu.

Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kupitia hapa Unyanyembe. Walishauriwa wamzike huku, wakakataa, wakaufikisha pwani mwaka 1874. Dunia inawakumbuka kwa sababu waliyembeba alikuwa mashuhuri. Injili ya Marko, sura ya pili, inatueleza juu ya watu wanne waliombeba mgonjwa wa kupooza hadi kwa Yesu, wakabomoa dari ili wamshushe. Mgonjwa yule hatajwi jina, na waliombeba hawatajwi.

Wazee wetu nao si mashuhuri. Kwa hiyo tunawaomba washarika na walimu wa kwaya: kabla ya kununua spika nyingine, kila mwimbaji kijana apewe mzee mmoja wa kumtembelea na wimbo mmoja wa kujifunza kwake. Na siku tutakapokwenda tena, dereva aambiwe asipige honi. Bwana atusaidie.