Kipya Kinyemi: Nyumba ya Kale na Nyumba Mpya katika Fasihi ya Pwani

Lugha ya Kiswahili ina methali mbili juu ya upya na ukale ambazo, kwa kuzisikia mara moja, mtu angedhani zinagombana. Ya kwanza yasema, Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yasema, Mavi ya kale hayanuki. Msikilizaji mwepesi atasema kwamba ile ya kwanza yasifu vitu vipya na hii ya pili yasamehe vya kale. Walakini methali hizi hazigombani. Zacheka jambo moja kwa vinywa viwili. Ya kwanza yamcheka mtu anayefurahia kitu kwa upya wake tu, hata kitu chenyewe kikiwa kinamuuma. Ya pili yamcheka mtu ambaye pua yake imesahau uvundo kwa kupita siku nyingi. Wote wawili wamekosa kwa namna moja: wameupa umri wa kitu kazi ya kuhukumu, na hiyo ni kazi ya akili.

Jambo hili lina maana kubwa katika habari za nyumba. Pwani ya Afrika ya Mashariki, toka Pate na Lamu hata Unguja, imerithi nyumba za mawe za karne zilizopita, na imejengewa nyumba za saruji katika karne ya 20. Kila aina ina wapenzi wake na wabezi wake. Mpenzi wa nyumba ya kale husema kuwa nyumba mpya haina roho. Mpenzi wa nyumba mpya husema kuwa nyumba ya kale ni pango la popo. Mabishano haya hayaachi kuingia katika usomaji wa fasihi, na yakiingia hufanya madhara, maana kazi kubwa za sanaa huitwa kutoa ushahidi wa upande mmoja ilhali zenyewe hazikukusudia hivyo.

Kazi inayoweza kuonewa zaidi kwa njia hii ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi auongoza moyo wake katika majumba ya wakuu wa Pate. Auonyesha taa zilizowaka, vyombo vya kaure vilivyopangwa katika zidaka za ukutani, na mabwana waliopepewa wakiwa wamelala. Kisha auonyesha vyumba vile vile vikiwa vitupu, ndege wamelala katika zidaka na popo wananing'inia. Msomaji wa leo aliyekwisha ona magofu ya pwani hushusha pumzi na kusema kwamba nyumba za kale zilikuwa nzuri mno. Husoma onyo kana kwamba ni ombolezo.

Usomaji huo una kasoro mbili. Kwanza, nyumba za utenzi huo hazisifiwi kwa ukale. Katika siku za wenyewe zilikuwa nyumba za fahari, na fahari yao ilikuwa katika vitu vilivyoletwa kwa jahazi kutoka nchi za mbali, yaani vitu vya kisasa kwa zama zile. Mshairi aukemea moyo kwa kuamini nyumba kama hizo. Kama funzo lake lingekuwa kwamba nyumba ya kale ni bora kuliko mpya, utenzi wote ungeanguka. Maana wasema kwamba kila nyumba mpya imo safarini kwenda kuwa gofu. Pili, usomaji huo hauulizi ni nini kilichoziangusha nyumba zile. Mshairi hakutaja umri kuwa ndio sababu. Wenyewe wamekufa, na walio hai hawamo. Ndege hakumtoa mtu katika kidaka. Ameingia kwa kuwa mtu ametoka.

Hata hivyo haifai kusema kwamba mshairi alizidharau nyumba zile. Mtu anayedharau nyumba hahesabu zidaka zake. Maneno yaliyochaguliwa kwa uangalifu mkubwa katika utenzi huo yamo katika sehemu ya starehe kama yalivyomo katika sehemu ya maangamizi, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Upendo wa nyumba haukanushwi. Waletwa mbele ya hukumu.

Ujuzi wa waashi wakubaliana na mshairi. Nyumba ya mawe ya pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake huchukuliwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba hufuata urefu wa boriti, na kwa sababu hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, aghalabu upana wake hauzidi mita 3 au karibu yake. Kuta zake nene huzuia joto la mchana. Adui yake mkubwa ni maji ya mvua: mfereji wa paa ukivunjika, maji huingia ukutani, chokaa hulegea, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza. Nyumba hiyo haimtaki mtu wa kuisifu bali wa kupanda juu ya paa kabla ya masika. Tena yataka tiba ya jinsi yake. Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Mtu anayepaka lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa hudhani ameutia nguvu, na kumbe ameufungia maradhi. Huyo ndiye mtu wa kipya kinyemi, na kidonda chake ki ndani ya ukuta.

Mila za Lamu zaonyesha zaidi jinsi upya na ukale ulivyokuwa kitu kimoja. Katika jamaa zenye uwezo ilikuwa desturi binti anayeolewa kupewa nyumba au sehemu ya nyumba. Baba aliweza kujenga orofa juu ya kuta za wazee wake, au kuvusha wikio juu ya njia ili nyumba ya binti iungane na ya mama yake, wanawake wapite pasipo kuonekana barabarani. Basi nyumba ile ile ilikuwa ya kale chini na mpya juu. Kila arusi iliitaka nyumba ikue, na kila kukua kuliwataka watu waukague ukuta wa chini kama waweza kubeba mzigo. Nyumba iliishi kwa sababu ilikuwa haijaisha kujengwa. Wala si ajabu kwamba katika Kiswahili ndoa ikivunjika husemwa kuwa nyumba imevunjika. Lugha yenyewe haikutenga kuta na watu.

Huko Unguja upo mfano mwingine. Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, leo huhesabiwa miongoni mwa alama kuu za ukale wa mji. Lakini maana ya jina lake ni nyumba ya maajabu, na maajabu hayo yalikuwa ya upya: nguzo za chuma, na baadaye umeme na lifti, mambo yaliyokuwa mageni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Jengo la kale lililo mashuhuri kuliko yote mjini lilipewa jina na watu walioshangazwa na upya wake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu 2 wakapoteza maisha. Sifa ya karne nzima haikuweza kushikilia dari hata dakika moja.

Mpaka hapa nyumba imetazamwa kwa macho ya mwenyewe. Lakini katika Al-Inkishafi bwana anapepewa, na hapana upepo pasipo mkono. Mwenye mkono huo alikuwa na maoni gani juu ya nyumba ile? Utenzi haukumwuliza. Swali hilo lilipata jibu mwaka 1978, Adam Shafi alipotoa riwaya yake ya Kasri ya Mwinyi Fuad. Hapo jumba la bwana wa mashamba latazamwa kutoka upande wa wanaolitumikia, na hasa kwa mtumishi Kijakazi, aliyeimaliza nguvu yake kwa ajili ya starehe ya mwingine. Kwa msomaji wa riwaya hiyo uzuri wa sakafu hauwezi tena kutengwa na magoti ya aliyeisugua. Riwaya yaweza kulaumiwa kwamba imewagawa watu wema na waovu kwa mstari ulionyooka mno. Lakini haiwezi kulaumiwa kwamba imedanganya juu ya kazi. Imeongeza katika fasihi ya nyumba chumba kilichokuwa kimefungwa, nacho ni jiko.

Kutoka jikoni ndipo yafaa kuyaangalia majengo mapya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ilijenga nyumba za ghorofa Kikwajuni, na tangu mwaka 1970 yakaanza kusimama majengo marefu ya Michenzani. Yalisimama Ng'ambo, upande wa mji ambao wengi wa wakazi wake walikaa katika nyumba za miti na udongo. Mtu aliyezoea nyumba ya mawe aliweza kuyabeza majengo hayo kuwa ni masanduku. Lakini aliyekuwa akibeba ndoo kutoka bomba la mtaa aliahidiwa bomba ndani, choo ndani, na taa ya umeme. Furaha yake haikuwa ulevi wa upya. Kumhesabu katika watu wa kipya kinyemi ni kuitumia methali kama fimbo ya kumpigia maskini.

Haki yamtaka mhakiki aseme pia kilichopotea. Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma. Barazani mgeni alipokewa kabla ya kuingia, mzee alikaa na kuijua njia yote, na mtoto wa jirani alikanywa pasipo baba yake kuitwa. Uani ndiko kulikopikwa, kulikofuliwa na kulikosukwa nywele. Nyumba ya ghorofa ilihesabu vyumba, na hivyo viwili si vyumba, basi havikuhesabiwa. Kosa hilo si la saruji, maana saruji yaweza kufanywa baraza. Ni kosa la mchoraji aliyewauliza watu idadi yao asiwaulize jinsi wanavyokaa.

Wakati majengo hayo yakipanda, nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa zikishuka. Wenyewe wengi waliondoka baada ya 1964, na nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali. Nyingine zilikuwa mali ya wakfu. Familia zilizotoka mashamba na Pemba zilipangishwa humo, mara nyingi kadhaa katika nyumba iliyokuwa ya jamaa moja. Mpangaji hakuwa na mamlaka juu ya paa, na mwenye mamlaka hakulala chini yake. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaandikwa katika Urithi wa Dunia. Mji wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Heshima hizo zimeokoa mengi. Lakini zimeleta pia sifa za wapita njia, wanaosimama mbele ya mlango uliochongwa, wakaupiga picha na kuondoka. Wazee walikwisha waonya: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nyuma ya mlango mzuri huenda mama wa watoto anahamisha kitanda kila inyeshapo mvua. Kumwambia huyo kwamba anakaa katika urithi ni kumpa maneno mahali pa mabati. Nyumba nyingine zimetengenezwa vema zikawa hoteli, na kuta zake zimepona. Lakini waliokuwa wakiitana kutoka dirisha hadi dirisha hawapo tena, na gofu la namna hiyo Sayyid Abdallah hakulijua, gofu lenye taa zinazowaka.

Basi ugomvi wa nyumba ya kale na nyumba mpya umewekwa mahali pasipo pake. Methali ya tatu yauweka panapostahili: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii haiulizi ukuta una miaka mingapi. Yaujua ufa wa nyumba ya matumbawe na ufa wa ghorofa ya Michenzani, maana saruji nayo hupasuka na chuma chake hushika kutu. Yamwuliza mtu tu kama anauona ufa, na kama anao uwezo na haki ya kuuziba. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa kuwa methali yasema na mtu aliye na nyumba, na wakazi wengi wa nyumba za kale na mpya ni watu wasiokuwa nayo.

Mhakiki wa fasihi apata hapa kipimo kilicho bora kuliko kupenda au kuchukia umri. Akisoma shairi, riwaya au tamthilia yenye nyumba ndani yake, aulize nani aliijenga, nani huifagia, nani huziba ufa wake, na nani aweza kuambiwa atoke. Kwa kipimo hicho Al-Inkishafi hauwi tena wimbo wa kuyasikitikia magofu, na Kasri ya Mwinyi Fuad haiwi hati ya kushangilia kuvunjwa kwake. Utenzi waonyesha nyumba isiyo na mtu. Riwaya yaonyesha mtu asiye na nyumba ingawa amo ndani yake. Mwanafunzi anayesoma kimoja bila ya kingine amesoma nusu ya habari. Na mji unaohifadhi kuta bila ya wakazi, au unaowahamisha wakazi bila ya kuwauliza habari za baraza, nao umejenga nusu ya nyumba.