Nazi Hutikiswa Sikioni: Kupima Methali ya Kilatini

Methali ya Kilatini ipime kama nazi sokoni: itikise sikioni kwanza, maana itafuata. Chukua *Manus manum lavat*, yaani mkono huosha mkono. Ni maneno matatu tu, na mawili ya mwanzo yanatofautiana kwa herufi moja ya mwisho. Hiyo s na hiyo m ndizo zinazosema nani anaosha na nani anaoshwa, kwa hiyo Mrumi angeweza kuyapanga maneno hayo atakavyo na maana isipotee. Aliyeyapanga hivi aliigusanisha mikono yenyewe, manus kwa manum, kitendo kikaja baadaye. Itamke taratibu, utasikia viganja vikisuguana. Kiswahili nacho kinaimudu kwa maneno matatu, kwa msaada wa ile "hu-" yetu ya mazoea.

Kisha uliza imetumikaje. Siku hizi hii hupambwa kama wito wa kusaidiana, lakini kwa Seneca na Petronius, waandishi wa zama za Nero, ina harufu ya nipe nikupe. Jirani yake kwetu ni "mkono mtupu haulambwi".

Methali iliyoiva huwa na mvutano ndani. *Festina lente*, "harakisha polepole", Kaisari Augustus aliipenda kwa Kigiriki, asema Suetonius, mwandishi wa wasifu wake. Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice, aliifanyia nembo: pomboo aliyejizungusha kwenye nanga. Erasmus, msomi ambaye Adagia yake, mkusanyiko wa methali, ilichapwa huko mwaka 1508, akaiandikia insha nzima kwa maneno yake mawili. "Haraka haraka haina baraka" ina vina vitamu zaidi, nakiri, ila imeshachagua upande. Ya Kilatini inakuachia pomboo na nanga vyote viwili.

Kagua pia ilikokatwa. Ile ya akili timamu katika mwili wenye afya, inayopendwa na watu wa mazoezi, ni kipande cha shairi la Mrumi Juvenal, na humo ni jambo la kuombwa kwa miungu. Vyuma vya kunyanyua havimo.

Na bandia zipo. *Illegitimi non carborundum* hudaiwa kumaanisha "usikubali wanaharamu wakusage". Lakini carborundum si Kilatini; ni jina la biashara la kitu cha kunolea na kusugulia vyuma. Cicero angelisoma mara tatu, kisha angeuliza huo mji wa Carborundum uko jimbo gani.